Mama Pembe Avunja Jozi za Chumba cha Kukunja

Saa moja na dakika kumi asubuhi, wanawake wawili wamesimama wakitazamana katika chumba cha kukunja. Kila mmoja ameshika pembe mbili za shuka la hospitali, na shuka limenyooka baina yao kama meza. Hakuna anayesogea.

Mmoja anangoja mwenzake aje. Mwenzake naye anangoja. Kisha wote wawili wanachoka kungoja kwa wakati mmoja, wanapiga hatua, na vipaji vya nyuso zao vinagongana kwa sauti inayosikika hadi kwenye mashine za kukaushia.

"Pole," anasema wa kwanza.

"Pole," anajibu wa pili. Neno hilo analitamka bila kosa, kwa kuwa katika wiki hizi nne amelitumia kuliko jina lake mwenyewe.

Wa kwanza ndiye msimamizi wa chumba. Wanamwita Mama Pembe kwa sababu tangu mashine ya kwanza iwashwe mpaka mlango ufungwe, wimbo wake ni mmoja: pembe, pembe, shika pembe. Ana miaka hamsini na saba, magoti yanayojua mvua kabla ya mawingu, na elimu ya darasa la saba ambayo anasema aliimaliza kwa kuisukuma kama toroli lenye gurudumu bovu.

Wa pili ametoka nchi nyingine. Siku ya kwanza alitoa simu akaonyesha picha ya watoto wawili waliofanana kila kitu, na kabla ya chai ya saa nne chumba kizima kilikuwa kinamwita Mama Mapacha.

Leo ni siku ya ishirini na tatu tangu waanze kukunja pamoja. Mama Pembe anapangusa kipaji na kusema kwamba bado haelewi.

"Sielewi nini? Vyote," anasema. "Lakini nimekuwa msimamizi, kwa hiyo sielewi nikiwa nimesimama mbele."

Kiwanda hiki cha udobi hufua nguo za hospitali moja kubwa na za nyumba mbili za wageni. Chini kuna mashine za kufulia, zinazotetemesha ukuta. Juu, baada ya ngazi kumi na nane, kuna chumba cha kukunja: meza saba ndefu, rafu hadi darini, dirisha moja, na joto la mtu kuvua sweta mwezi wowote wa mwaka.

Foronya na taulo hukunjwa na mtu mmoja. Shuka ni la watu wawili. Mmoja hushika pembe za kichwani, mwingine za miguuni. Wanalikung'uta mara mbili, wanalivuta, wanakutanisha upindo na upindo. Halafu mmoja anaenda na mwingine anapokea. Aendaye anakabidhi pembe zake, anainama, anaokota mkunjo ulioning'inia chini, na shuka linakuwa nusu, kisha robo, kisha kitu cha kuweka rafuni.

Nani aende na nani apokee, hilo huamuliwa siku ya kwanza na halibadiliki tena. Kila mkunjaji ana mwenzake. Jozi zinadumu kuliko ndoa nyingi za mtaani, na wenyewe wanasema siri yake ni kwamba hapa mikono ina kazi.

Mama Pembe alikunja na mtu mmoja kwa miaka kumi na tisa. Mtu huyo ni dada wa mumewe. Yeye humwita Wifi, na kwa sababu humwita kwa sauti, chumba kizima nacho kinamwita Wifi, hata wanaume, hata dereva wa gari la hospitali ambaye hana undugu naye wowote. Wifi hupokea. Mama Pembe huenda.

"Miaka kumi na tisa namfuata mimi," anasema Mama Pembe. "Hata siku moja hakunifuata. Ndiyo maana miguu yangu imeisha na yake bado mipya."

Wakati mmoja chumba kilikuwa na watu kumi na sita. Wengine wakastaafu, mmoja akahamia kwa mwanawe, na vijana waliochukuliwa kujaza nafasi walikaa wiki wakaondoka, wakisema migongo yao haikuumbwa kwa kazi hii. Wakabaki kumi. Jozi tano zikijitahidi sana hukunja mashuka elfu moja na mia nne kwa siku. Hospitali sasa inataka elfu moja na mia sita.

Ndipo mwenye kiwanda akaamua kuajiri watu waliotoka nje ya nchi, ambao walikuwa wanakuja getini kila wiki kuuliza kazi. Mwenye kiwanda ni kijana aliyerithi mali kwa baba yake. Mbele ya watu Mama Pembe humwita bosi. Wakiwa wawili humwita mwanangu, naye huinamisha kichwa kama aliyekutwa na sukari mdomoni.

Mwaka jana waliingia watatu, mwanamke mmoja na wanaume wawili. Mama Pembe aliwapokea kwa moyo wote. Aliwapa meza ya karibu na dirisha, iliyo nzuri kuliko zote, akawaweka pamoja ili wapate kuzungumza lugha yao kwa raha. Aliwaonya wengine wasiwasumbue. Chai yao ililetwa mezani. Hakuna aliyewapandishia sauti hata mara moja, na katika chumba ambacho Wifi anafanya kazi, hiyo si kawaida.

Siku ya kumi na moja hawakuja. Siku ya kumi na mbili hawakuja. Hawakuaga wala hawakulalamika. Aproni zao tatu zilikutwa juu ya meza ya dirishani, zimekunjwa vizuri, upindo kwa upindo.

Mama Pembe anasema jambo hilo lilimkalia kifuani. Mtu akikutukana unajua umekosea wapi. Mtu akikukunjia aproni na kwenda zake, utaanzia wapi? Alijiuliza kama ni chai. Akabadilisha majani ya chai, ingawa waliokuwa wakiyanywa walikwisha kuondoka.

Mwaka huu bosi alimwita tena. Wanakuja wanne, akasema, na safari hii lazima chumba kiandaliwe. Akamweleza na lililo nyuma yake. Kampuni kubwa ya upande wa pili wa mji ina mashine inayokunja mashuka yenyewe, na iko tayari kuchukua mashuka yote ya hospitali. Kama wanne hawa watadumu siku tisini na kazi ikafika elfu moja na mia sita, chumba kitabaki. Wakiondoka kama wale, mashuka yatapelekwa huko na chumba cha kukunja kitafungwa.

Watu kumi, wengi wao wenye umri wa bibi na babu, wangeteremka ngazi zile kumi na nane kwa mara ya mwisho. Wifi ana miaka sitini na moja. Hajawahi kufanya kazi nyingine.

"Bosi aliniuliza, umeelewa? Nikaitikia," anasema Mama Pembe. "Hapa ndipo penye ugonjwa wangu. Mimi nikiulizwa kama nimeelewa, kichwa chenyewe kinaitikia, hakiniulizi."

Maandalizi yalianza na fomu. Ilikuwa na maswali kumi na saba, na la nne lilimtaka ataje mikakati mitatu ya ujumuishi. Mama Pembe aliibeba hadi nyumbani kwa mkwewe, mume wa binti yake, ambaye ni karani na ana kalamu tatu mfukoni. Mkwe alikohoa, akaeleza kwamba ujumuishi ni hali ya kuhakikisha uwiano shirikishi wa makundi anuwai. Mama Pembe aliitikia, akamshukuru, akala wali wake, akarudi na fomu kama alivyoenda nayo.

Mwishowe aliijaza mwenyewe. Swali la nne aliandika: tumepaka rangi choo, tumenunua vikombe vinne, tumekubaliana tusiwaseme. Swali la tisa lilitaka jina la mlezi wa kila mfanyakazi mpya. Aliandika jina lake mara nne.

Halafu akaja mtaalamu wa semina, kijana nadhifu aliyechora duara kubwa ubaoni na kuweka duara dogo ndani yake. Aliwakalisha nusu siku. Wengi waliondoka wakikumbuka jambo moja tu, kwamba mfanyakazi mgeni anahitaji uso wa tabasamu. Basi wiki ya kwanza chumba kizima kilitabasamu, kutwa, watu kumi kwa pamoja, huku wakikunja mashuka bila kusema. Mmoja wa wageni baadaye alikiri kwamba alienda chooni mara tatu kujitazama kwenye kioo, akidhani ana kitu usoni.

Lakini lililogeuza mambo halikuwa fomu wala semina. Lilitokea sokoni, siku tisa kabla ya wanne kufika. Mama Pembe alikuwa ananunua vitunguu alipoona toroli la viazi likisukumwa na mtu mrefu anayemjua. Alikuwa mmoja wa wale watatu.

Kwa maelezo yake, jambo la kwanza lililomjia ni kujificha nyuma ya vitunguu. Lakini yule bwana alimwona, akaacha toroli katikati ya njia, akaja kumshika mikono yote miwili. Kiswahili chake sasa kilikuwa kinatiririka. Alimwita mama. Aliuliza magoti yanaendeleaje.

Mama Pembe hakungoja. Alimuuliza palepale, mbele ya muuza vitunguu, kwa nini walikimbia.

Yule bwana akamwambia. "Mama, sisi watatu tulitoka nchi tatu. Hatukuwa na lugha moja. Siku kumi tulikuwa tunaonyeshana vidole, na ninyi wote mlikuwa mnacheka na kuzungumza kule, na kwetu haji mtu. Tukaona hamtutaki, ila mna adabu."

Mama Pembe anasema alisahau kuchukua vitunguu. Kila alichokuwa amekifanya kwa wema kilikuwa kimewafungia watu wale mlango. Alikuwa amewakusanya wasiojuana, akawaweka dirishani kama maua, kisha akakataza wengine wasiwaguse.

"Nilidhani mtu wa nje na mtu wa nje mwenzake wanaelewana," anasema. "Nani aliniambia? Hakuna. Nilijiambia mwenyewe, na mwenyewe nikaitikia."

Jumamosi kabla ya wanne kufika, alisimama mbele ya meza zote na kutangaza kwamba mgeni hatakunja na mgeni. Kila mmoja atakunja na mwenyeji. Ili kuwapatia wenyeji wanne, jozi mbili zingevunjwa. Moja ilikuwa ya babu mmoja na shemeji yake. Nyingine ilikuwa yake na Wifi.

Siku hiyo inajulikana chumbani kama siku ya talaka.

Babu na shemeji yake waliachana kwa heshima, wakapeana mikono. Wifi alivua aproni, akaikunja, na wote waliokumbuka aproni za mwaka jana walishika vifua. Jumatatu alirudi. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya mwenzake mpya, mwanamume wa makamo asiyevua kofia hata ndani ya joto lile, ambaye sasa wanamwita Kofia. Akashika pembe zake, akaanza kazi. Kwa Mama Pembe hakugeuza hata shingo.

Likawa hivyo siku kumi za kazi. Sabuni ikiisha, Wifi humwambia Kofia kwa sauti kwamba msimamizi wake aambiwe sabuni imeisha. Kofia, ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado cha salamu na namba, husimama katikati akitazama huku na huku, asijue msimamizi wake ni yupi na sabuni ya nani. Nyumbani, ujumbe ulipitia kwa mume wa Mama Pembe, ambaye ni kaka wa Wifi. Mzee huyo anasema ilifika mahali akawa anaogopa kupokea simu ya dada yake mbele ya mkewe, na ya mkewe mbele ya dada yake.

Kazi nayo ilivurugika. Siku ya kwanza yalikunjwa mashuka mia saba. Ilibainika kwamba Mama Mapacha, alikotoka, alikuwa amefanya kazi kama hii, lakini kwao hakuna aendaye wala apokeaye. Wote wawili huja, wanakutana katikati. Mama Pembe alijaribu namna hiyo, akamkanyaga. Mama Mapacha alijaribu namna ya hapa, akaenda wakati wa kupokea. Ndugu wawili, ambao ndio wageni wengine, walikunja kwa namna yao ya tatu iliyomfanya babu akae chini. Bosi alishauri ndugu hao wawekwe meza moja, kwa kuwa wao walau wana lugha moja. Mama Pembe alikataa. Anakiri hakuwa na hakika hata kidogo.

Jioni alikuwa akirudi kwa miguu, kwa sababu nauli inakula karibu robo ya mshahara wake, na njiani alijisemea kwamba labda ameharibu kilichokuwa kizuri ili kupata kisichokuwepo. Jozi mbili imara zimevunjika. Wifi hamsemeshi. Rafu zina mashuka yaliyokunjwa namna tatu, kama vile yamekunjwa na upepo.

Ikaja siku ya kumi na moja.

Ilikuwa Ijumaa. Saa moja Kofia alikuwa mahali pake, ndugu wawili walikuwa mahali pao. Mama Mapacha hakuwepo. Saa moja na nusu hakuwepo. Mama Pembe alisimama na shuka mkononi upande mmoja, na upande wa pili wa shuka umelala sakafuni. Watu kumi na wawili walikuwa wanakunja huku wakitazama mlango.

Saa mbili na nusu bosi alipanda ngazi. Aliangalia pengo, akaangalia saa ya ukutani.

"Mama, ni ile ya mwaka jana tena?"

Mama Pembe alimjibu kwamba hajui. Ndilo jibu pekee alilokuwa nalo, na anasema lilikuwa la kweli kuliko yote aliyowahi kumpa. Bosi alisema, bila ukali, kwamba hawezi kungoja mpaka aproni zikutwe mezani. Saa sita angeipigia simu ile kampuni yenye mashine. Akashuka.

Wanaokumbuka wanasema kilichofuata ni mlio wa kiti. Wifi alikuwa amekisukuma kando. Alimwashiria Kofia aende kwenye foronya, akavuka chumba, akainama, akaokota upande wa shuka uliokuwa sakafuni.

"Shika pembe," akasema.

Baada ya siku kumi, hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza. Mama Pembe alishika. Wakakung'uta mara mbili, wakavuta, upindo kwa upindo, naye akaenda kama alivyokwenda miaka kumi na tisa. Alipofika na kukabidhi pembe, Wifi hakuzipokea mara moja.

"Ulimuudhi?" Wifi aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Sijui."

"Ulimwambia nini jana?"

"Sikumwambia kitu, wifi yangu. Yeye ndiye aliyeniambia."

Na hapo Mama Pembe akasimulia. Jana yake wakati wa kutoka, Mama Mapacha alikuwa amemfuata na karatasi. Aliifungua, akaonyesha mhuri, akaonyesha tarehe, akazungumza kwa kirefu kwa lugha yake na maneno mawili matatu ya Kiswahili. Alimaliza kwa kumtazama usoni, kama anayeuliza. Mama Pembe alidhani ni mambo ya shule ya wale mapacha. Aliitikia. Aliitikia mara mbili, na kumpiga piga begani.

Wifi alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwamba tangu ujana wao anamwonya kuhusu kichwa hicho, na ndicho kilichomfanya akubali kuolewa na kaka yake.

Saa nne kasoro dakika tano, mlango ulifunguliwa. Mama Mapacha aliingia akihema kwa ngazi, karatasi mkononi ina mhuri mpya. Aliona watu wote wamesimama wanamtazama. Hakuna aliyetabasamu, na huenda hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Kofia, aliyewahi kuishi nchini kwa Mama Mapacha na kujua lugha ya huko kidogo, ndiye aliyefasiri, polepole, kwa vidole na Kiswahili cha kuokoteza. Kibali chake cha kazi kilikuwa kinaisha leo. Alipanga foleni ofisi ya uhamiaji tangu alfajiri. Asingekwenda, kesho yake angekuwa hana ruhusa ya kukunja hata leso.

"Anasema, jana alikuomba ruhusa," Kofia alimwambia Mama Pembe. "Anasema, wewe ulisema ndiyo."

Mama Pembe angeweza kusema alisahau. Angeweza kusema karatasi haikuonekana vizuri. Mbele ya chumba kizima, na mbele ya Wifi, alisema kwamba hakuelewa hata neno moja na aliona haya kuonekana hajaelewa. Kofia alifasiri. Mama Mapacha akasema kitu kifupi.

"Anasema hata yeye," Kofia alifasiri. "Siku zote kumi unapomwambia kitu, anaitikia tu."

Kwa kauli ya Mama Pembe, hapo ndipo alipojua kwa nini vipaji vyao vilikuwa vinagongana. Watu wawili walikuwa wanaitikiana kutwa, na hakuna anayejua nani anaenda na nani anapokea.

Alishuka ngazi mwenyewe kumweleza bosi. Bosi alikuwa tayari ameshika simu, na ilikuwa bado saa nne. Aliirudisha mezani. Alimuuliza kama sasa ameelewa kinachotakiwa. Mama Pembe, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alisema hapana, naomba unieleze tena. Walikaa nusu saa. Mwisho wake ilionekana kwamba bosi naye hajui ujumuishi ni nini. Fomu naye alikuwa amepewa tu.

Tangu Ijumaa hiyo chumba kina sheria moja. Asiyeelewa asiitikie. Aweke shuka chini, juu ya meza, na kazi ya jozi hiyo isimame mpaka aeleweshwe. Siku ya kwanza ya sheria mashuka yaliwekwa chini mara thelathini na moja. Wageni waliweka mara tisa. Zilizobaki ni za wenyeji, na aliyeongoza ni Wifi, anayedai kuna mambo ya chumba hiki hajayaelewa tangu bosi akiwa tumboni.

Ukutani sasa pana karatasi yenye tarehe za vibali vyote vinne, zimeandikwa kwa kalamu nyekundu. Chini yake Mama Pembe ameandika na tarehe ya kubadilisha miwani yake, kwa sababu naye, anasema, ana kitu cha kuisha muda.

Je, mambo yamenyooka? Hapana. Jana yalikunjwa mashuka elfu moja na mia mbili. Bado mia nne, na zimebaki siku sitini na saba. Jozi nyingine zinakunja kwa kwenda na kupokea, nyingine kwa kukutana katikati, na babu amekataa kuulizwa ni ipi. Hospitali ilipiga simu wiki iliyopita kuhusu mikunjo. Bosi hakuelewa kama walikuwa wanalalamika au wanasifu, na hakuuliza. Mama Pembe amemwambia awapigie tena, aweke shuka chini.

Hajarudi kukunja na Wifi. Wifi mwenyewe hakuomba. Ijumaa ile walikunja mashuka manne tu pamoja, kisha kila mmoja akarudi kwa mwenzake mpya.

Kesho Mama Pembe hatakuwepo chumbani. Ni zamu ya Kofia kwenda uhamiaji, na ofisi inataka mtu wa kazini aende kumthibitisha. Hajawahi kufika huko, hajui ataulizwa nini, na usiku uliopita aliota anaulizwa maswali kumi na saba. Kwa kuwa Kofia naye hatakuwepo, Mama Mapacha atakunja na Wifi kutwa, wao wawili, bila mfasiri.

Chumba kina wasiwasi na siku hiyo. Tangu Jumatatu Mama Mapacha na Wifi wana ugomvi wa dirisha. Mmoja analifungua, mwingine analifunga. Wifi anasema upepo unapeperusha upindo. Mama Mapacha anasema, kwa mikono na kwa Kiswahili kinachokua kwa kasi ya hasira, kwamba bila upepo atakufa na mapacha watalelewa na Wifi. Asubuhi hii wameshabadilishana maneno mara tatu, na mara ya mwisho Mama Mapacha alimwita Wifi "wifi" kwa ukali uleule wa wenye ukoo.

Mama Pembe aliombwa aamue kabla hajaenda zake. Amekataa. Anakusanya pembe mbili za shuka, anamtazama Mama Mapacha, na safari hii anamuuliza kwa sauti nani anaenda. Mama Mapacha anajigusa kifua. Anakwenda. Shuka linakuwa nusu, kisha robo.

"Wale watatu hawakugombana na mtu," anasema Mama Pembe, akiliweka rafuni. "Siku kumi, hakuna aliyeniambia hata joto limezidi. Huyu anagombania dirisha. Mtu wa kuondoka angehangaika na dirisha la nini? Waache wagombane. Mimi kesho nikirudi nikikuta bado wanavutana, nitamwambia bosi tunaweza kutafuta wengine wawili, turudi kumi na sita kama zamani."

Nyuma yake, dirisha linafungwa.